Maziwa Yasiyochacha

Jumatatu, 6 Machi 2006

Leo nimeanza kidato cha tano katika shule moja ya Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mpya ambao mafundi bado wako juu yake. Darasani wanaongea Kiingereza, nje wanaongea Kiganda. Kiingereza changu bado kinanuka Kifaransa, na Kiganda sina. Kwa hiyo hapa nitaandika Kiswahili. Wenzangu wanasema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Vizuri, hakuna atakayetamani kunisoma.

Jumanne, 7 Machi

Niandike kuhusu nyumba. Tuko wawili tu, mimi na Shangazi Pélagie, dada wa marehemu baba. Alitoka Butembo, kwetu Kongo, miaka mingi kabla yangu, na mimi alinipokea hapa mtaa wa Kasubi Krismasi iliyopita. Anauza maziwa. Chumba cha mbele ni duka, cha kati tunalala, cha nyuma kina friji na mlango wenye kufuli. Nilimuuliza mara moja kwa nini friji inafungiwa kama benki. Akanijibu kwa swali.

"Umekuja kusoma ao kupeleleza?"

Sijauliza tena. Lakini ufunguo huwa shingoni mwake, pamoja na msalaba, hata akioga.

Alhamisi, 9 Machi

Umeme hakuna. Mvua.

Ijumaa, 10 Machi

Mwalimu wa biolojia ni Mkenya, Odera, mrefu, mwenye koti linalomfika magotini. Tulifikiri ataanza na moyo au mapafu. Akachora duara ubaoni.

"Hii ni atomi. Mkitaka kujua figo inafanya nini, anzeni hapa."

Alieleza kwamba katikati kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na kukizunguka kuna elektroni zilizopangwa kwa matabaka. Kwa mambo yetu, alisema, angalieni tabaka la nje. Haidrojeni inapungukiwa elektroni moja, oksijeni mbili, nitrojeni tatu, kaboni nne. Kila moja inatafuta kujaza pengo lake, na njia moja ya kujaza ni kushirikiana elektroni na jirani. Kule kushirikiana ndicho kifungo. Atomi zilizofungana hivyo ni molekuli. Kaboni, kwa sababu ina nafasi nne, inaweza kushika huku na huku mpaka ikatengeneza sukari, mafuta, protini, yaani sisi.

"Na chumvi?" akauliza mtu.

"Chumvi ni habari nyingine. Sodiamu inatoa elektroni yake, klorini inaipokea. Mmoja amebaki na chaji chanya, mwingine hasi, basi wanavutana."

Nilielewa kila kitu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii nilielewa kila kitu.

Jumatatu, 13 Machi

Anayetuletea maziwa anaitwa Obwona. Huja alfajiri kutoka upande wa Nansana, akisukuma baiskeli yenye madebe mawili ya chuma. Simpendi. Kiswahili chake ni cha kambini, kile kile nilichokisikia barabarani nyumbani tukiambiwa tukae chini na tuvue viatu. Shangazi anasema alikuwa mwanajeshi hapa Uganda zamani, akaacha. Nani anaacha? Koti la jeshi bado analo.

Leo alinisalimia: "Wewe mutoto ya shule, unasoma nini?"

"Biolojia."

"Mzuri. Utanitibu mguu."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 16 Machi

Umeme umekatika tangu juzi jioni. Wauza maziwa wote wa barabara hii wamemwaga. Mtaro wa mbele ya kituo cha pikipiki za boda ulikuwa mweupe. Sisi hatukumwaga hata kikombe, na watu walipanga foleni mpaka kwa fundi viatu. Shangazi alikuwa akiimba.

Nilimuuliza, "Yetu hayachachi kwa nini?"

"Usafi," alisema. "Na sala."

Ijumaa, 17 Machi

Somo la maji. Oksijeni ina nguvu zaidi ya kuvuta elektroni kuliko haidrojeni, kwa hiyo ndani ya molekuli moja ya maji upande mmoja unakuwa hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Ndiyo maana molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, si kwa nguvu sana, lakini kwa wingi. Mwalimu Odera alitutoa nje kwenye manyunyu atuonyeshe matone yaliyokaa mviringo juu ya majani ya magimbi. Alisema maji hupanda mpaka kileleni mwa mti kwa kushikana hivyo hivyo. Tulirudi darasani tumelowa, na mwalimu mkuu akatuona, na Odera akasemwa mbele yetu.

Jumapili, 19 Machi

Kanisa. Mvua yote.

Jumanne, 21 Machi

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Nafuna, Mkenya wa Bungoma, anasuka nywele saluni. Mwanawe Khisa ameanza tu kukaa bila kuegemezwa. Nafuna amerudi kazini, maziwa ya kifua yamepungua, kwa hiyo kila jioni huja na chupa yake ya plastiki kwetu.

"Maziwa ya mama yako hayaniangushi," aliniambia leo.

"Ni shangazi yangu."

"Shangazi ni mama. Ama kwenu si hivyo?"

Ni hivyo. Lakini nilihisi kama nimebebeshwa kitu.

Ijumaa, 24 Machi

Leo nina jambo.

Mwalimu Odera alileta chupa ya kahawia na kipande cha maini ya ng'ombe. Ubaoni akaandika molekuli ya maji, haidrojeni mbili na oksijeni moja. Pembeni akaandika nyingine, haidrojeni mbili na oksijeni mbili. "Tofauti ni atomi moja," alisema. "Hii ya kwanza mnakunywa. Hii ya pili ni peroksaidi. Famasi wanaiuza ya kuoshea vidonda, kwa sababu inaua vijidudu."

Alieleza kwamba kifungo cha kati, kile kinachounganisha oksijeni na oksijeni, ni dhaifu. Hata mwanga unaweza kukivunja, ndiyo sababu chupa ni ya kahawia. Kisha akadondosha maini ndani. Povu likapanda mpaka likamwagika mezani. Ndani ya maini, alisema, kuna kimeng'enya kinachokivunja kifungo hicho upesi sana, na yale mapovu ni oksijeni inayotoka. Kimeng'enya hicho kiko karibu katika kila kitu chenye uhai. Kwenye viazi. Kwenye damu. Hata kwenye maziwa mabichi, kidogo.

Wenzangu walipiga makofi kwa ajili ya povu. Mimi nilikuwa nafikiria sufuria kubwa la dukani. Kila asubuhi nikilifunua, pembeni mwa maziwa kuna duara la mapovu madogo madogo, kama mate ya konokono. Nilidhani ni kwa sababu ya kumimina.

Jumamosi, 25 Machi

Mapovu yapo. Nimekaa nikiyatazama mpaka Shangazi akauliza kama nimeona sura yangu humo.

Jumatatu, 27 Machi

Obwona. Nina hakika ni Obwona. Anatoka mbali, kuna joto, maziwa yake yangechacha njiani, kwa hiyo anayatia dawa huko huko. Leo alimuuliza Shangazi:

"Mama, wateja yangu wengine nalalamika, maziwa inaharibika mchana. Kwako inalala siku mbili. Unafanya nini?"

Nilikuwa nafunga viatu mlangoni. Niliona jinsi alivyomkazia macho. Mtu mwenye hatia ndiye anayeuliza hivyo, ili ajue kama ameshagunduliwa.

"Naomba Mungu," Shangazi alijibu.

"Mungu yako mkali," alisema Obwona, akaenda zake akichechemea.

Jumatano, 29 Machi

Mvua, giza, mtihani mdogo wa kemia. Khisa anaharisha.

Jumatatu, 3 Aprili

Nilimfuata Mwalimu Odera maabara. Nilimuuliza mtu anawezaje kujua kama peroksaidi imo ndani ya kitu bila kuiona.

"Kwa nini unataka kujua?"

"Nasoma tu."

Alinieleza, lakini macho yake hayakuniacha. Kuna chumvi moja inaitwa potasiamu aiodaidi. Ukiiweka penye peroksaidi, aiodaidi inapoteza elektroni zake na kuwa iodini yenyewe. Iodini ikikutana na wanga, kwa mfano maji ya wali, inaingia ndani ya mnyororo wa wanga na rangi inageuka buluu nzito. Pasipo peroksaidi, hakuna rangi.

"Naomba kidogo, Mwalimu."

"Hapana."

Alisema muhula uliopita vitu vilipotea maabara na mpaka leo mwalimu mkuu anamuuliza yeye. Alisema wako wanafunzi wanaochukua kemikali na kuuza mjini. Hakusema Wakongo, ila alinitazama nilivyovaa kuanzia viatu.

Alhamisi, 6 Aprili

Shangazi amenuna. Mtu kamwambia nabaki shule baada ya masomo na mwalimu mwanamume. Alinisimamisha mlangoni akaninusa nywele. Alisema, "Sikukutoa Butembo uje unizalie hapa." Nililia kwa hasira, kisha nikafikiri: huyu anayeninusa mimi, mbona hanusi maziwa?

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Umeme ulirudi wakati wa kula na ukakatika kabla ya pilau kwisha. Nafuna alituletea chapati. Khisa amekonda shingo.

Jumanne, 18 Aprili

Nimemwambia Mwalimu Odera nusu ya ukweli. Nimesema kuna mtu anauza maziwa ambayo hayachachi, na kuna mtoto anayanywa.

Alifuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa. Kisha akafungua kabati, akanipa kichupa kidogo cha ile chumvi.

"Pima vitu vitatu," alisema. "Maji safi. Maziwa unayoyaamini. Na hayo unayoyashuku. Ukipima kimoja tu hujapima kitu. Yapime mabichi, yasichemshwe. Na unawe mikono kati ya kikombe na kikombe."

"Asante, Mwalimu."

"Usinishukuru. Sijui unakwenda kufanya nini na hiki."

Jumamosi, 22 Aprili

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi Obwona alipokuja nilijifanya mwema. Nilimpokea debe mimi mwenyewe, na alipokuwa akimimina nikakinga kikombe. "Nataka ya kunywa yangu," nilisema. Alifurahi. "Kunywa, mutoto, ya leo safi." Nilikificha kikombe chini ya kitanda, kimefunikwa sahani. Shangazi akabeba sufuria akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Alipolitoa, nilichota kikombe cha pili mgongo wake ulipogeuka.

Shangazi alienda kwenye mazoezi ya kwaya baada ya chakula. Nikafunga mlango wa duka. Nilikuwa nimeshachuja maji ya wali. Vikombe vilikuwa vitatu, maji ya bomba, maziwa ya Obwona kama yalivyotoka kwenye debe, maziwa ya sufuria. Kila kimoja nikakitia maji ya wali na chumvi ya Mwalimu.

Maji hayakubadilika.

Ya sufuria yalianza kuwa na rangi ya kijivu, kisha zambarau, kisha buluu kama wino uliomwagikia shuka.

Nikasubiri ya Obwona. Niliyataka yageuke. Niliomba kabisa, kwa jina la Yesu, yageuke. Nikafagia, nikarudi. Meupe. Nikaongeza chumvi. Meupe. Nikaosha kila kitu nikarudia na yaliyobaki. Ikawa hivyo hivyo.

Mwanajeshi yule hana kosa. Chumba cha nyuma anaingia mtu mmoja tu, na damu yake ndiyo yangu.

Niliyamwaga ya buluu chooni. Kikombe hakikutakata vizuri.

Jumapili, 23 Aprili

Kanisani Shangazi aliimba peke yake ubeti mzima. Ana sauti nzuri. Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 24 Aprili

Nimemuuliza. Alikuwa anaosha kichujio.

"Shangazi, unatia nini kwenye maziwa?"

Hakuacha kuosha. "Nani amekutuma? Yule mwalimu wako?"

"Nimepima. Yakitoka kwa Obwona yanabaki meupe. Yakitoka chumba cha nyuma yanageuka buluu."

Akakung'uta kichujio, akakitundika, akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Kisha akavua ufunguo shingoni, akaingia, akarudi na chupa ya kahawia. Akaiweka mezani mbele yangu.

"Soma. Unajua Kiingereza, soma. Kuna mahali wameandika sumu? Wanaoshea watoto vidonda. Mwenye famasi mwenyewe aliniambia kidogo haidhuru."

"Kidogo ni nini?"

"Kifuniko."

"Kila siku kifuniko kimoja?"

"Joto likiwa kali ninaongeza. Utanifundisha? Walipokata umeme mwaka jana nilimwaga kila kitu, nikakaa hapo chini kwenye sakafu nikilia. Wewe haukukuwa. Nani alikuja kunisaidia?"

"Khisa ni mgonjwa."

"Mvua ikinyesha watoto wote wa Kasubi wanaharisha. Nenda kaulize mtaro."

Hilo ni kweli, na ndilo baya.

Akasogea karibu, sauti yake ikashuka. "Sikiliza vizuri, Exaucée. Wakijua, hawatasema ni Pélagie. Watasema Wakongo wanaua watoto. Watakuja hapa, halafu watakwenda kwa wengine wetu wote wa njia hii. Nimekaa hapa miaka yote ninaomba tu watu wasinitazame sana. Mimi nitaacha. Leo nimeacha. Imekwisha."

Aliirudisha chupa chumba cha nyuma. Nilisikia kufuli.

Jumanne, 25 Aprili

Nimepima tena alipokwenda sokoni. Rangi ni hafifu, lakini ni buluu.

Jumatano, 26 Aprili

Khisa amelazwa zahanati tangu asubuhi, ametundikiwa maji. Nilimkuta Nafuna jioni amekuja kuchukua kanga na chupa yake. Ile chupa. Nikamvuta kwenye korido.

"Mama Khisa, usimpe tena maziwa ya kwetu. Yametiwa dawa."

Hakuelewa mara moja. Alinishika mkono juu ya kiwiko. "Dawa gani?"

"Ya kuzuia yasichache."

"Nani ametia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima kutoka shule. Nilikuwa na jibu. Kupitia ukuta nilimsikia Shangazi akipanga vikombe.

"Sijui," nilisema.

Nafuna akaniachia. "Ni yule mwanajeshi," alisema polepole. "Nilisema mimi. Siku ya kwanza nilisema, huyu mtu simpendi."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Alikimbia kurudi zahanati, na njiani lazima apite kituo cha boda.

Alhamisi, 27 Aprili

Sikwenda shule. Naandika yote.

Alfajiri ilikuwa na ukungu baada ya mvua. Nilisikia madebe yakianguka kabla sijasikia watu. Nilifungua dirisha la duka nikaona baiskeli imelala na maziwa yanatiririka barabarani, na vijana wa boda wamemzunguka Obwona. Mmoja alikuwa amemshika kola ya lile koti.

"Wewe nauwa watoto yetu!" alikuwa akipiga kelele. "Unatia sumu kwa maziwa!"

"Sumu gani? Mimi naleta maziwa tu, ssebo, bwana yangu. Mimi naleta tu."

"Mwanajeshi mwizi! Ulizoea kuua!"

Mtu akampiga na kofia ya pikipiki. Obwona alikaa chini, mguu wake mbovu umenyooka mbele, mikono kichwani. Namna alivyokaa ninaijua. Hivyo ndivyo tulivyokaa sisi barabarani. Hakuwa akijitetea, alikuwa akingoja.

Nilikwenda mlangoni. Nilikuwa nimeshashika komeo. Shangazi alikuwa nyuma yangu amevaa kitenge cha kulalia, na aliushika mkono wangu kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Ulimwambia nani?"

"Nafuna."

"Ulimwambia ni huyu?"

"Nilimwambia sijui."

Alinitazama. Nje mtu alisema aletewe petroli ya kwenye pikipiki, wengine wakacheka, na mimi najua kicheko cha aina hiyo. Nilivuta komeo. Shangazi akanisukuma ukutani, si kwa hasira, kama mtu anayesogeza kiti kinachomzuia njia, akatoka yeye. Miguu mitupu. Alipita katikati ya maziwa yaliyomwagika.

"Muache huyo mtu!"

Walimpisha kwa sababu wote ni wateja wake.

"Nnyabo, mama, rudi ndani. Huyu ndiye alikuwa anakuharibia."

"Haharibu kitu. Maziwa yake ni mazuri. Dawa ninatia mimi." Sauti yake ilikuwa ile ya kanisani, ilifika mpaka kwa fundi viatu. "Iko ndani, kwenye chumba cha nyuma. Huu ndio ufunguo. Nendeni mukaone."

Akauvua shingoni akaunyosha. Kwa muda hakuna aliyeupokea.

Kisha Nafuna akatokea upande wa zahanati, hajalala, kanga begani. Alikuwa amesikia. Alimwendea Shangazi mpaka wakakaribiana pumzi.

"Ni kweli, Mama Pélagie?"

"Ni kweli."

"Ulikuwa unamwona mtoto wangu kila siku."

"Nilikuwa namwona."

Nafuna alimpiga kofi. Moja tu. Mlio wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Halafu akakaa ukingoni mwa barabara akaanza kulia, na vijana wa boda hawakujua tena wafanye nini na mikono yao. Waliingia kwetu. Walivunja friji, kioo cha duka, sufuria waliliponda. Mwenyekiti wa mtaa alikuja amevaa shati alilofunga vifungo vibaya, akawafukuza, akachukua chupa ya kahawia kwa kitambaa kama vile ingemuuma. Shangazi alipelekwa kituo cha polisi kwa miguu.

Obwona alibaki akikusanya madebe. Nilimletea maji na kitambaa kwa ajili ya damu. Alivipokea.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

Alinawa uso taratibu. Maji yalikuwa mekundu, kisha mekundu kidogo. Alinirudishia kitambaa, akainua baiskeli, akaisukuma kuelekea Nansana bila kugeuka.

Ijumaa, 28 Aprili

Hakuna habari. Nimelala kwa mwanakwaya mmoja wa kanisa.

Jumatatu, 1 Mei

Shangazi ameachiwa. Mwenyekiti alimdhamini. Hataruhusiwa tena kuuza kitu cha kuliwa wala kunywewa hapa Kasubi. Shangazi aliogopa watu watatutenda vibaya, sisi Wakongo wote. Mpaka sasa ni maneno tu, na watu wawili wametemea mate mlango. Lakini jioni nikipita kituo cha boda mazungumzo yanakatika.

Jumatano, 3 Mei

Mwalimu Odera aliuliza kwa nini sikuonekana. Nikamwambia ukweli wote, hata ule wa "sijui." Alisikiliza amesimama.

"Na mtoto? Ni maziwa yaliyomuumiza?"

"Nilitaka kukuuliza wewe, Mwalimu."

Alifikiri. Nje mvua ilikuwa ikipiga bati hata tukalazimika kupaza sauti. "Yanaweza kuumiza tumbo, hasa la mtoto. Na maji machafu yanaweza. Ungekuwa na kinyesi chake, daktari, maabara nzuri, labda. Sasa hivi hakuna anayeweza kukuambia."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye."

Alinidai kichupa chake. Nilikuwa nacho. Alikiinua kwenye mwanga kuona kilichobaki, mbele yangu, bila kuona haya.

Ijumaa, 5 Mei

Khisa amerudi nyumbani. Nilimsikia kupitia ukuta akigonga kitu kwa kijiko. Nafuna ananisalimia mimi. Shangazi hamsalimii, akipita hugeuza uso kama anayekwepa vumbi.

Jumatano, 10 Mei

Mitihani. Mvua imepungua. Shangazi anafua nguo za watu kule Namirembe, anarudi na vidole vyeupe vilivyokunjamana. Ufunguo hana tena. Mara nyingine mkono wake hupanda kifuani kuutafuta, ukakuta msalaba peke yake.

Hatuzungumzi sana. Sijui kama amenisamehe, wala sijui kama ni yeye anayepaswa kusamehe. Namtazama akipika. Namtazama akitia chumvi. Najichukia, na naendelea kutazama.

Ijumaa, 12 Mei

Muhula umekwisha. Nimefaulu biolojia, ya pili darasani. Nilimwambia Shangazi alipokuwa akiwasha jiko, na akasema "Vizuri," akatoka. Alirudi na mfuko wa maziwa aliyonunua kwa mtu mwingine, upande wa pili wa barabara. Ni mara ya kwanza maziwa kuingia nyumba hii tangu siku ile.

Aliyachemsha mlango ukiwa wazi, mimi nikiwa nimekaa pale pale. Aliyatia majani ya chai, sukari, tangawizi. Kila kitu alikishika juu kidogo nikione kabla hajakitia. Akamimina vikombe viwili, akanisogezea kimoja.

Nilitazama ndani yake. Sikukusudia. Nilikuwa natafuta mapovu.

Shangazi aliniona. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe changu, akanipa chake, akaanza kunywa.

Chai yote ilitoka sufuria moja. Alijua, na mimi nilijua. Nikanywa.